Kabla ya Reli

Pale gatini hakuna aliyekuwa akiangalia juu. Usicheke. Kazi ya gati ukiifanya umeinua uso mchana kutwa, jua litakutoboa macho, shingo itakukakamaa, na jioni mkeo atakulisha kwa kijiko. Kwa hiyo wale wanaume wanane wa genge la ndoano walikuwa na desturi yao, ambayo haikuandikwa popote. Hawakuliangalia kasha linalopaa. Walimwangalia Dada Tiki.

Dada Tiki alikuwa karani wa tali, yule anayesimama chini na ubao wake wa karatasi akihesabu kila mzigo unaopanda melini. Mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mwembamba, mwenye sauti ambayo bila shaka Mungu alimwandalia mwanamume wa kilo mia, ikapotea njiani ikamkuta yeye. Kasha likinyanyuliwa na winchi ya meli, yeye hulifuata kwa jicho mpaka livuke reli, ule uzio wa chuma ulio ubavuni mwa meli. Likishavuka, analipiga tiki kwenye karatasi na kupaza sauti: "Limepita!" Hapo ndipo genge huingia mbio pale chini, huburuta kasha jingine mpaka mahali pake na kulifunga waya. Miaka kumi na tisa ya "Limepita," na hakuna aliyewahi kuvunjika hata ukucha.

Na reli ile si chuma tu, nisikilize vizuri hapa. Mzigo wa siku hiyo uliuzwa kwa masharti ya fobu, kama wanavyoyaita wenyewe wa biashara. Maana yake nyepesi: mpaka kwenye reli ya meli, hatari yote ni ya muuzaji. Mzigo ukivunjika, ukizama, ukiua mtu, ni juu yake. Ukishavuka reli, basi, ni shauri la mnunuzi na meli yake. Makuli ambao hawajawahi kuushika mkataba waliijua sheria hiyo kuliko mawakili. "Kabla ya reli, letu. Baada ya reli, lao," ndivyo walivyosema, na hata wakigombania kipande cha mkate, aliyekiwahi alikitia mdomoni na kutangaza kuwa kimevuka reli.

Mmoja wa wale wanane alikuwa mdogo wake Dada Tiki, kitinda mimba wa mama yao. Genge lilimwita Shingo, kwa sababu ndiye aliyekuwa hainui kichwa kabisa. "Shingo yangu naitunza," alikuwa akisema, "siku moja nitaivalisha tai." Alikuwa na miaka ishirini na sita, ndoa ya miezi minane, na mke ambaye bado alimwonea haya mbele za watu. Mama yao alipofariki, Dada Tiki ndiye aliyemlea, na ndiye aliyemtafutia kazi. Siku ya kwanza alimpeleka gatini kwa mkono, akamsimamisha pale chini, akamwambia: "Wewe niangalie mimi tu. Usimwangalie mtu mwingine." Na yule kijana, mkaidi kwa kila jambo jingine duniani, hilo alilishika.

Walikuwa wakipakia makasha themanini na manne ya marumaru, kila moja tani mbili. Mnunuzi alikuwa ng'ambo, na benki yake ilikuwa imetoa barua ya dhamana yenye tarehe ya mwisho: mzigo wote uwe umepakiwa siku ile, ndipo dola zitoke. Ukilala gatini usiku mmoja, barua imekufa. Meli nayo ilikuwa ing'oe nanga saa kumi na moja jioni, maji yakiwa bado yamejaa, haimsubiri mtu. Tajiri wa marumaru, yule muuzaji, alikuwa anazililia dola zile. Fedha ya nchi ilikuwa inashuka thamani kila asubuhi, na mwenye dola ndiye aliyekuwa mtu mbele ya watu. Basi akamtuma nyapara wake asimamie mwenyewe.

Nyapara huyo walimwita Saa Ngapi. Alivaa saa kubwa ya dhahabu ya uongo, na bado mchana kutwa aliwauliza watu saa.

"Dada Tiki, saa ngapi?" akauliza asubuhi ile, kasha la pili likiwa hewani.

"Saa unayo mkononi."

"Nakuuliza wewe, maana wewe ndiye unayeila. Unasubiri nini? Kasha likifika usawa wa reli, limepita hilo. Litakwenda wapi tena? Litarudi kwao?"

"Likivuka ndiyo limevuka."

"Sekunde kumi, mama! Sekunde kumi kila kasha, mara themanini na nne, piga hesabu wewe karani. Vijana wanasimama kama nguzo wanakusubiri wewe." Akamsogelea, akapunguza sauti. "Ofisini kuna binti, vidole vyake vyepesi sana. Nimwite aje akupokee huo ubao?"

Dada Tiki alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. Lakini pia alikuwa na kodi ya nyumba, na mbele yake asubuhi nzuri isiyo na upepo, na winchi inayofanya kazi bila kukohoa. Kasha la tatu lilipofika usawa wa reli, kabla halijavuka, akapiga tiki na kuita, "Limepita!" Genge likaingia mbio. Kasha likavuka salama juu ya vichwa vyao, likashuka tumboni mwa meli. Hakuna aliyeona tofauti, kwa kuwa hakuna aliyeangalia. La nne akaita hivyohivyo. Kufikia la ishirini hakuwa anafikiri tena, mdomo ulikuwa unaita wenyewe. Saa Ngapi alifurahi mpaka akawanunulia vijana soda baridi.

Mtu mmoja tu aliona. Juu melini, kwenye winchi, alikuwepo baharia mwenye upara, mtu mzima, mgeni wa lugha, ambaye katika safari zake zote alikuwa ameokota maneno matatu ya Kiswahili: twende, pole na bado. Mara mbili tatu asubuhi ile alimtikisia Dada Tiki kidole kutoka juu. "Bado," alisema. "Bado, bado." Dada Tiki akamtikisia ubao, kama anayemwambia mtu ashughulike na yake.

Saa nane na dakika kumi mchana, kasha la sitini na moja lilipanda.

Boti ya kuvuta meli ilikuwa inapita upande wa pili, ikasukuma wimbi. Si wimbi la kutisha, wimbi tu. Kasha lilikuwa limefika usawa wa reli, nje yake, upande wa gati. Dada Tiki akapiga tiki. "Limepita!" Wanane wakaingia. Shingo alikuwa wa mbele, kama kawaida yake, ndoano mkononi, uso umemwelekea dada yake, na alikuwa anacheka kwa jambo ambalo mwenzake alikuwa amelisema nyuma yake.

Meli ikainama kidogo. Baharia akapiga kelele, "Bado!" Ukingo wa chini wa kasha ukaigonga reli kwa nje, paa! Kasha likalala ubavu, waya mmoja ukachomoka pembeni, na tani mbili za marumaru zikateleza zikarudi zilikotoka.

Sitakurembea maneno. Kasha lilimwangukia Shingo toka kifuani kwenda chini. Mbao zilipasuka, mawe yakatawanyika gatini yakiwa meupe, kisha baadhi yakawa si meupe tena. Mkono wake wa kulia ulibaki nje, bado umeshika ndoano, na vidole vilifunguka kimoja baada ya kingine. Hakupiga kelele. Aliyepiga kelele ni yule mwenzake wa nyuma, jitu moja waliloliita Bonge, rafiki yake wa kuchangia sahani, ambaye jiwe lilimpasua paji la uso na hata hakujua.

Wale saba waliobaki walilikamata kasha kwa mikono. Wakalisukuma, wakalivuta, wakalitukana. Kucha ziling'oka. Walipomtoa, Bonge akavua shati lake akamfunika, shati likalowa papo hapo, akavua na fulana.

Dada Tiki hakusogea. Alikuwa amesimama palepale na ubao wake, na kalamu ilikuwa bado imegusa tiki ya sitini na moja. Alijua. Tangu sekunde ileile alijua, hakuna aliyehitaji kumweleza. Kasha halikuvuka. Yeye alisema limevuka, na mdogo wake akaingia chini yake kwa sababu dada kasema.

Ndipo Bonge akasimama, damu ikimtiririka mpaka kidevuni.

"Si limepita?" akauliza. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayeuliza njia. "Dada si kasema limepita?"

"Kasema," mmoja akajibu. "Nimesikia kwa masikio yangu."

"Basi lilirudije?"

Wakatazamana. Kisha wote kwa pamoja wakageuza macho kwenye ngazi ya meli. Kama kasha lilishavuka reli, basi lilikuwa mikononi mwa meli. Na aliyelishika upande wa meli alikuwa mmoja. Yeye ndiye aliyelivuta, yeye ndiye aliyelirudisha, yeye ndiye aliyemuua. Kabla ya reli, letu. Baada ya reli, lao.

"Yule mwenye upara!" Bonge akanguruma, na ngazi ya chuma ikalia chini ya miguu yao.

Mabaharia wawili walijaribu kuwazuia pale juu. Mmoja alipigwa kichwa cha pua akakaa chini, mwingine akarushwa juu ya marundo ya kamba. Wakamkuta baharia wa winchi bado amekaa kwenye kiti chake, mikono imeganda kwenye vishikio. Wakamng'oa. Wakamteremsha ngazi nzima wakimburuta miguu, kichwa kikigonga kila kidato, na Mungu anajua ngazi ile ilikuwa na vidato vingapi.

Chini wakamweka katikati. Walinzi wa lango walikuja, wakaona ndoano saba, wakarudi mbio kupiga simu polisi. Teke la kwanza lilimwingia mbavuni. La pili mdomoni. Mtu mmoja alimkanyaga mkono, ule wa kuendeshea winchi, akausaga kwa kisigino cha buti kama anayezima sigara. Baharia akatema meno, akainua kiganja kilichobaki, akasema neno lake:

"Bado. Bado!"

"Bado nini?" Bonge akamwinamia. "Bado hujafa? Ngoja basi tumalize!" Na wengine wakacheka kicheko kibaya sana, kicheko cha watu wanaolia, wakaendelea kumpiga.

Saa Ngapi alifika wakati huo akihema, kofia imekaa upande. Aliutazama mwili uliofunikwa, akalitazama kasha lililopasuka, akamjia Dada Tiki moja kwa moja. Unadhani alimpa pole? Ebo!

"Umeshapiga tiki?" akauliza.

Dada Tiki akamtazama bila kuelewa.

"La sitini na moja. Umelipiga tiki au hujalipiga?" Akauvuta ubao, akasoma, akashusha pumzi. "Afadhali. Safi kabisa. Usiiguse hiyo. Kwa karatasi, mzigo umepanda, hasara ni ya mnunuzi na meli. Afisa mkuu wa meli akija, unampa asaini hivyohivyo. Tuna makasha ishirini na matatu, muda upo."

"Wanamuua yule mtu," Dada Tiki akasema.

"Waache wapoe. Wamefiwa."

"Hana kosa."

"Nani kasema hana kosa? Karatasi yako inasema anayo." Akamkazia macho, na hapo sauti yake ikawa laini, karibu ya huruma, na ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote. "Sikiliza, dada yangu. Ukifuta hiyo tiki, unasema nini? Unasema kasha lilikuwa huku kwetu. Watakuuliza, kwa nini basi uliita? Utawajibu nini wale? Utamjibu nini mke wa marehemu? Mdogo wako kashakufa. Usijizike naye."

Na hapa nitasema ukweli, maana simpendi mtu anayemfanya Dada Tiki malaika. Alinyamaza. Alihesabu, kwa kuwa kuhesabu ndiyo kazi yake. Upande huu, mgeni mwenye upara asiyejulikana na mtu, ambaye kesho hakuna atakayemkumbuka hapa. Upande ule, yeye, jina lake, wifi yake, macho ya wale vijana kwa maisha yote yaliyobaki. Alisimama hapo akipima hivyo kwa muda wa mateke saba au manane. Aliyasikia yote.

Kisha akamwona Bonge ameinua ndoano. Si mguu tena, ndoano, ncha imeelekea shingoni mwa yule mtu, na wenzake wawili wamemshika kichwa kisitikisike. Yule mtu hakuwa anajitetea. Alikuwa amegeuza uso, jicho moja limefumba kwa uvimbe na lingine wazi, na kwa lile lililo wazi alikuwa anamtazama yeye, Dada Tiki, kama walivyomtazama wote kila siku, wakisubiri aseme.

"Bonge!" akaita. Sauti haikufika.

"Bonge, mwache!"

"Dada, kaa pembeni," mtu mmoja akamjibu bila kugeuka. "Tunakulipizia."

Ndipo akajaza kifua. Akatoa ile sauti yenyewe, ile ya gati, iliyowaingiza na kuwatoa chini ya makasha kwa miaka kumi na tisa:

"HALIKUPITA!"

Miili yao ilisikia kabla yao. Wote saba waliganda. Ndoano ya Bonge ikasimama hewani, shibiri moja tu kutoka kooni.

"Halikupita," akarudia. "Lilikuwa nje ya reli. Mimi nimeita kabla. Mimi nime..."

Hakumaliza. Saa Ngapi alimpiga ngumi ya mdomo, akaanguka chali, ubao chini yake. Nyapara akamrukia kifuani akitafuta karatasi. Dada Tiki akaikumbatia. Saa Ngapi akamshika mkono wa kulia, akavikunja vidole viwili vya kalamu kinyumenyume, na vilipovunjika vilisikika mpaka kwa wale saba. Dada Tiki akapiga yowe, halafu akamng'ata. Alimng'ata shavu, akakaza, hakuachia, mpaka Saa Ngapi akawa anapiga kelele kwa sauti ya mtoto, na walipotengana kipande cha shavu kilibaki mdomoni mwa Dada Tiki. Akakitema kando.

"Mwongo huyu!" nyapara akalia, kiganja kimeloa damu. "Kachanganyikiwa na msiba! Tazameni karatasi, tiki hiyo hapo!"

"Msitazame karatasi," Dada Tiki akasema akiwa bado chini. "Tazameni juu. Tazameni reli."

Na wale watu, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, wakainua shingo.

Pale kwenye reli, upande wa nje, upande wa gati, chuma kilikuwa kimebonyea ndani. Rangi ilikuwa imebanduka kwa nje. Vibanzi vya mbao mbichi ya kasha vilikuwa vimenasa kwa nje. Upande wa ndani rangi ilikuwa nzima, inang'aa. Hata mtu asiyejua kusoma aliweza kuisoma reli ile.

Waliomshika baharia kichwa wakakiachia. Bonge akashusha ndoano, akaja polepole, akasimama juu ya Dada Tiki. Kivuli chake kilimfunika mzima.

"Ulituita kabla," akasema.

"Niliwaita."

"Mara hii tu?"

Hapo angeweza kusema ndiyo. Nani angejua?

"Tangu kasha la tatu," akasema. "Yeye aliniambia niwahi. Lakini mdomo ni wangu."

Bonge alipumua kwa nguvu. Akamwinua kwa ukosi wa blauzi kwa mkono mmoja, kama unavyoinua kapu, akamzaba kofi. Kofi moja, kwa nguvu zake zote, mkono ule uliozoea kuburuta tani. Sikio la Dada Tiki likapiga filimbi, na filimbi hiyo haijazimika mpaka leo. Hakujikinga. Kisha Bonge akamwachia, akakaa chini juu ya vipande vya marumaru, akakumbatia magoti yake akalia kwa sauti, lijitu lile, mbele ya kila mtu.

Saa Ngapi aliona huo ndio wakati wake. Akaanza kurudi nyuma taratibu, kisha akakimbia. Hakufika mbali. Walimkamata karibu na mlango wa ghala, na yaliyomkuta hapo aliyatafuta mwenyewe. Walimvunja taya na mbavu mbili. Saa yake ya dhahabu ya uongo waliikanyaga mpaka ikawa unga. Dada Tiki aliona yote, na sauti yake, ile iliyoweza kuwasimamisha, safari hii hakuitoa. Hilo nalo anapenda lisemwe.

Polisi walipofika walikuta wote wamekaa. Machela ya kwanza ilimbeba baharia. Alikuwa hai. Mkono ule hautashika winchi tena, na jicho moja madaktari hawakuliahidi, lakini alikuwa hai. Alipopitishwa mbele ya Dada Tiki, akatafuta katika maneno yake matatu, akapata moja.

"Pole," akamwambia.

Hilo lilimuuma Dada Tiki kuliko vidole.

Afisa mkuu wa meli akateremka na karatasi zake, uso mweupe. Alitaka ubao. Dada Tiki akamwomba asubiri. Akatia kalamu kati ya kidole gumba na kiganja, maana vile viwili vilikuwa vinaning'inia, akaikata tiki ya sitini na moja kwa mstari mmoja uliopinda. Pembeni akaandika: *limeanguka nje ya reli, upande wa gati.* Akatia sahihi yake, mbaya kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Halafu akarudi juu kwenye orodha, kwenye la tatu, akaanza kuzikata na nyingine zote, moja moja, mpaka afisa akamshika mkono akamwambia inatosha, ameelewa. Meli iliondoka saa kumi na moja na makasha sitini. Barua ya benki ikafa jioni hiyo, na dola za tajiri zikabaki hukohuko ng'ambo.

Wifi yake alifika kabla hawajauondoa mwili. Nani alimwambia, haijulikani, habari kama hizo hupata miguu. Alikuja mbio, kiatu kimoja mkononi na kingine hana, akasukuma polisi wawili, akafika pale penye shati na fulana za Bonge. Hakufunua. Aliuona mkono ulio nje, akaujua, akapiga magoti akaushika. Genge zima lilitazama chini.

Alipoinua uso, aliwapita wote kwa macho mpaka alipomfikia Dada Tiki, mdomo umepasuka, vidole vimevimba, damu ya mtu mwingine kidevuni.

"Wifi," akasema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, alitaka kujua tu. "Alikuwa mwangalifu. Kila asubuhi nikimwambia awe mwangalifu ananicheka, ananiambia hana wasiwasi, anajua pa kuangalia. Sasa leo alikuwa anaangalia wapi?"

Bonge aliinua kichwa, akafungua mdomo amjibu yeye, amsaidie dada angalau kwa hilo. Dada Tiki akamtikisia kichwa. Akapiga magoti kwenye vipande vya mawe, akamshika wifi yake mkono kwa ule mkono wake mzima.

"Alikuwa ananiangalia mimi," akasema.